Kabla ya Kuwawekea Watoto Katuni: Mwongozo wa Kukagua Wanachotazama

Wazazi wengi tukiona picha za kuchorwa kwenye runinga tunaridhika. Ni katuni, basi ni ya watoto, acha wakae hapo tumalize kupika. Mimi ni mwalimu wa darasa la awali hapa Dar es Salaam, na kila Jumatatu asubuhi naona uwanjani kile ambacho watoto walitazama mwisho wa juma. Kombolela inageuka mchezo wa kukabana shingo. Mtoto wa kike wa miaka mitano, mkono kiunoni, anamnyooshea mwenzake kidole: "Mshenzi wewe, nani amekwambia ukae kwenye kochi langu?" Mwenzake amepangiwa kuwa dada wa kazi, na kazi yake ni kuinamisha kichwa na kulia. Mama wa yule mtoto alipokuja kumchukua nilimuuliza, akaniapia kwamba mwanawe huwekewa katuni tu. Alikuwa anasema kweli. Maneno yale yalitoka kwenye tamthilia aliyokuwa akiitazama mama mwenyewe, mtoto akiwa sakafuni anachora.

Mwongozo huu nauandika kwa ajili ya mzazi mwenye runinga moja sebuleni, simu yenye bando la kupimwa, na watoto wa rika tofauti wanaobanana kochi moja. Shina lake ni hili: hakuna alama, kasha wala neno la muuzaji linaloweza kuchukua nafasi ya mzazi kukaa chini na kuitazama filamu yenyewe.

Hatua ya kwanza: anza na umri wa mtoto

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa miongozo kwa watoto walio chini ya miaka 5. Aliye chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, na wa mwaka mmoja vilevile hashauriwi. Kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndiyo bora zaidi. Miongozo hiyohiyo inataka mtoto wa miaka 3 na 4 alale saa 10 hadi 13 ndani ya siku nzima, kwa hiyo katuni ya usiku inayomega usingizi inamdhuru hata kama ni nzuri.

Wazazi wa watoto wachanga huniuliza kuhusu kupiga simu ya video kwa babu aliyeko Mwanza au shangazi aliyeko Muscat. Hiyo haina neno. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, ambacho nacho kinashauri watoto wa chini ya miezi 18 wasitazame skrini, kimeiacha simu ya video nje ya katazo hilo. Sababu ni kwamba babu anamjibu mtoto. Mtoto akicheka, anachekewa. Akionyesha kijiko, anaulizwa habari za kijiko. Katuni haimjibu, na ndiyo maana mtoto wa umri huo huokota maneno machache sana kwenye video kuliko anayoyapata kwa mama anayemenya vitunguu huku akizungumza naye.

Sasa tuje kwenye hofu, maana hapa ndipo wazazi tunapokosea zaidi kukadiria. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 huogopa anachokiona kwa macho: meno marefu, macho mekundu, mtu anayegeuka nyoka. Ukimwambia kwamba yule jitu ni mwema moyoni, haikusaidii kitu, kwa sababu kwake sura ndiyo ukweli wenyewe. Akifika miaka 7 au 8 mambo yanageuka. Jitu la kuchorwa linamchekesha, lakini majambazi wanaovunja mlango, mama anayefia hospitalini au nyumba inayoungua ndivyo vinavyomkosesha usingizi, maana anajua hayo hutokea hata mtaani kwao. Kama kwenye kochi moja kuna wa miaka 4 na wa miaka 9, filamu ileile unaikagua mara mbili: kwanza kwa macho ya mdogo, kisha kwa macho ya mkubwa.

Na kuna suala la funzo la mwisho. Mara nyingi mzazi huniambia, "Ni kweli wanatukanana, lakini mwishoni wanaombana msamaha." Wewe mtu mzima unaunganisha tusi la dakika ya tatu na msamaha wa dakika ya ishirini. Mtoto wa miaka minne haunganishi. Kwake hayo ni mambo mawili yasiyohusiana, na tusi ndilo lililochekesha. Kama kipindi kinatumia muda mwingi kuonyesha ubaya na kurekebisha kwa sentensi mbili za mwisho, kipindi hicho ni cha wakubwa zaidi.

Hatua ya pili: soma alama, ujue na mipaka yake

Alama zipo, na tuzitumie. Nchini Kenya, bodi ya kuainisha filamu (KFCB) hutumia madaraja manne: GE ni ya kila mtu, PG ni ya kutazamwa mzazi akiwepo na kuelekeza, 16 si ya walio chini ya miaka hiyo, na 18 ni ya watu wazima. Kwenye chaneli nyingi zinazotoka Afrika Kusini utaona tarakimu ya umri ikifuatana na herufi. V ni ukatili, L ni lugha chafu, S ni mambo ya ngono, N ni utupu, H ni mambo ya kutisha, na P ni ubaguzi. Herufi hizo zina faida kuliko tarakimu, kwa sababu zinakwambia tatizo liko wapi. Ile PG-13 ya Marekani, iliyoanza mwaka 1984, inawaonya wazazi kwamba kuna mambo yasiyofaa watoto walio chini ya miaka 13. Wengi huisoma kama PG ya kawaida, na ndivyo mtoto wa miaka sita anavyojikuta katikati ya vita.

Mipaka ya alama ni miwili. Wa kwanza: bodi inapima ukatili, matusi na ngono, lakini haimjui mtoto wako. Aliyefiwa na baba mwaka huu hataepuka kuumia eti kwa sababu filamu imeandikwa GE. Hadithi nyingi za watoto huanza na kifo cha mzazi. Wa pili unatuhusu sisi hasa. Filamu nyingi zinazoingia majumbani kwetu zimetafsiriwa na DJ, yule anayezungumza juu ya picha na kuwapa wahusika maneno yake. Zinauzwa kwenye vibanda vya kujaza flashi na kuonyeshwa kwenye vibanda umiza. Napenda ufundi wa watu hawa. Wamewafanya bibi zetu wafuatilie filamu za Kichina mwanzo mwisho bila kupotea. Lakini alama iliyo kwenye kasha ilipewa filamu ya asili. Sauti ya DJ haikupimwa na bodi ya Marekani wala ya Uingereza. Katuni ya wanyama isiyo na doa inaweza kuingizwa utani wa hawara, tusi la nguoni, au kejeli juu ya mwili wa mwanamke, huku kwenye picha sungura na kobe wakisalimiana. Mzazi akipita na kutupia macho anaona sungura na kobe.

Kwa hiyo kibandani usiulize tu kama ni ya watoto. Uliza nani ametafsiri, kisha mwombe muuzaji akufungulie katikati, usikilize dakika mbili hapohapo.

Hatua ya tatu: itazame mwenyewe kwanza

Huna saa mbili za kukagua kila filamu, nami sina. Robo saa inatosha ukiigawa vizuri. Dakika tano za mwanzo zinakuonyesha wahusika na namna wanavyozungumza. Dakika tano za katikati zinakuonyesha kipindi kikiwa kimechangamka. Kisha ruka hadi kwenye robo ya mwisho, kabla mambo hayajatulia. Hapo ndipo penye pigano kubwa, kifo na sauti za kutisha, na hapo ndipo wazazi wengi hawafiki. Ni kama kuonja mchuzi: ukionja wa juu tu hujui chumvi iliyotuama chini.

Kati ya dakika hizo, tumia angalau mbili ukiwa umeipa runinga mgongo. Sikiliza tu. Picha nzuri hufunika lugha, na ukiiondoa picha utashangaa ni mara ngapi watu wanaitana mjinga, mnene, mweusi kama chungu. Halafu fanya kinyume: zima sauti na uangalie kasi. Hesabu picha inabadilika mara ngapi ndani ya nusu dakika. Mwaka 2011 Angeline Lillard na Jennifer Peterson wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwagawa watoto 60 wa miaka minne katika makundi matatu. Kundi moja lilitazama katuni ya kasi kwa dakika 9, jingine kipindi cha elimu chenye mwendo wa polepole, na la tatu lilichora kwa rangi. Mara baada ya hapo, wale wa katuni ya kasi ndio walioshindwa zaidi kazi za kujizuia na kufuata maelekezo. Darasani naliona hilo bila vipimo: mtoto aliyetazama katuni za kukimbizana hadi gari la shule linapiga honi huchukua muda mrefu kutulia kwenye mkeka.

Taa zinazowakawaka haraka nazo zitazame kwa makini. Desemba 1997 nchini Japani, mamia ya watoto walikimbizwa hospitalini baada ya kipindi kimoja cha katuni kuonyesha mwanga mwekundu na wa bluu ukipishana kwa kasi. Kama nyumbani kuna mtoto mwenye kifafa, filamu ya namna hiyo isiwekwe. Kwa wengine, washa taa ya sebule na uwasogeze mbali na kioo.

Ukiwa unatazama, jiulize maswali machache. Mkorofi anapata nini? Kuanzia mwaka 1961, Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba watoto wakimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere, nao humpiga vilevile. Baadaye alionyesha kwamba hata waliomwona kwenye filamu waliiga. Kwenye jaribio la mwaka 1965, waliomwona mpigaji akiadhibiwa waliiga kidogo. Lakini walipoahidiwa zawadi ili waonyeshe walichokiona, waliweza kukionyesha sawasawa na wenzao. Maana yake walikuwa wamekihifadhi chote. Adhabu ya mwishoni humzuia mtoto kufanya, ila haifuti alichojifunza.

Swali la pili, ambalo kwangu lina uzito kuliko ngumi: nani anachekwa? Katika filamu nyingi, zetu na za nje, wanaochekwa ni walewale: dada wa kazi, mlinzi, mtu wa kijijini, mwenye kigugumizi, mnene, mwenye ulemavu. Mtoto wangu akiona mtu akipigwa najua nitamwambia nini. Akijifunza kwamba dada anayemfulia nguo ni mtu wa kufokewa, jambo hilo halina kelele, na linakaa. Filamu ya namna hiyo mimi siiweki hata ikiwa na alama ya kila mtu.

Hatua ya nne: tazama naye, na useme

Kukaa karibu ukiwa na simu yako mkononi hakuhesabiki. Kutazama pamoja maana yake ni kusema neno hapa na pale. "Huyu amekasirika, kwa nini?" "Unadhani atafanya nini sasa?" "Wewe ungemwambiaje?" Usifanye mtihani, maswali mawili au matatu kwa kipindi yanatosha. Jambo likipita usilolipenda, liseme palepale kwa sentensi moja: "Hapa kwetu dada hatumsemeshi hivyo." Hotuba ya baada ya filamu haina mahali pa kushika, kwa mtoto mdogo imeshapita.

Vipindi vilivyotengenezwa kwa ajili ya mazungumzo ya aina hii vipo, tena kwa Kiswahili. Ubongo Kids, kilichoanza kurushwa mwaka 2014 na kutengenezwa hapa Dar es Salaam, kinafundisha hesabu na sayansi kwa hadithi na nyimbo, na kinawafaa zaidi wa shule ya msingi. Kwa wadogo, waanzilishi haohao wana Akili and Me, habari za msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Navitaja kwa sababu mtoto anaona sura, nguo na majina ya kwao, na kwa sababu wahusika husubiri mtoto ajibu. Ukimsikia mwanao akiijibu runinga kwa sauti, mjibu na wewe.

Hatua ya tano: mkague mtoto baada ya filamu

Kuna filamu utakayoipitisha na ikamtisha, na nyingine utakayoihofia na isimguse. Siku mbili tatu zinazofuata ndizo zitakazokwambia. Angalia anacheza nini. Angalia kama amekataa kwenda chooni peke yake, hasa kama choo kiko nje, kama anataka taa isizimwe, kama anauliza mara kwa mara utarudi saa ngapi, kama amerudia kukojoa kitandani. Angalia pia hasira ya kuzimiwa. Kulia kidogo ni kawaida. Kila siku kugaragara na kutupa vitu kunaonyesha muda umezidi, au kipindi chenyewe kina kasi mno.

Aliyetishwa usimcheke wala usimwambie wanaume hawaogopi. Kama ni mdogo, maelezo hayamtulizi. Mkumbatie, mpe maji, mwonyeshe kwamba mlango umefungwa, mwache alale karibu nawe usiku huo. Wa miaka 8 na kuendelea ndiye wa kuelezwa: damu ile ni rangi, yule ni mwigizaji, moto ukitokea kwetu tutatoka kwa mlango huu. Na filamu hiyo usiirudie ili "azoee".

Hatua ya sita: funga njia za pembeni

King'amuzi chako kina sehemu ya kufungia chaneli au kufungia vipindi kwa kiwango cha umri, kwa namba ya siri. Ibadilishe ile iliyokuja nayo, maana 0000 na 1234 watoto wa darasa la tatu wanazijua. Kwenye huduma za filamu za mtandaoni tengeneza wasifu wa mtoto, kisha ufunge wa watu wazima kwa namba pia, kwani usipofungwa anahama kwa kubonyeza mara moja tu.

YouTube ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko runinga. Mwaka 2017 ziligundulika video nyingi mno zilizotumia sura za wahusika wanaopendwa na watoto, huku ndani wakichomana sindano, wakijeruhiana na kufanya mambo ya aibu. Zilipenya kwa sababu mtoto hakuzitafuta. Zilijileta zenyewe baada ya video nzuri kuisha. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuzima uchezaji wa kujiendesha. Jambo la pili, tumia YouTube Kids badala ya YouTube ya kawaida, na ndani yake chagua mpangilio unaoruhusu tu video na chaneli ulizoziidhinisha wewe. La tatu ndilo rahisi kuliko yote: pakua vipindi vichache ulivyovikagua, zima data, ndipo umpe simu. Kwenye daladala au foleni ya kliniki haijiletei video ngeni, na bando lako linabaki salama.

Na flashi za nyumbani zitenganishe. Ya watoto iwe na rangi yake, isiwe na faili jingine lolote. Nimeshasikia habari za flashi moja yenye katuni, mahubiri na filamu za baba.

Hatua ya saba: panga sebule

Kenya ina kanuni inayotaka vipindi vya kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku viwe vya kufaa familia nzima. Kanuni inasaidia, lakini taarifa ya habari ya saa 2 usiku haina budi kuonyesha ajali na vita, na watoto wengi wa kwetu wako sebuleni saa hiyo wakisubiri chakula. Wadogo wapewe kazi jikoni au wapelekwe kuoga. Tamthilia yako unayoipenda ifuate utaratibu huohuo. Mtoto anayechora sakafuni anasikia kila neno.

Runinga isiyotazamwa na mtu izimwe. Ikiwaka tu kwa ajili ya kuchangamsha nyumba, wazazi huzungumza kidogo na watoto, na mtoto huacha mchezo wake kila sauti inapopanda. Saa moja kabla ya kulala, skrini zote ziwe zimezimwa, ikiwemo ile simu iliyo chini ya mto wa kaka mkubwa.

Zungumza na dada anayelea watoto ukiwa kazini, na uzungumze naye kwa heshima, maana ndiye anayeshika rimoti mchana kutwa. Usimpe katazo tupu. Mwachie flashi iliyokaguliwa, mwambie ni vipindi viwili kisha nje, na umwachie kitu cha kuwashughulisha: kamba, mpira, maboksi matupu. Bibi na majirani nao waambiwe mapema, mtoto asiwepo akisikiliza.

Hatua ya nane: kituo kikikosea, lalamika

Tangazo la filamu ya kutisha likirushwa katikati ya kipindi cha watoto, andika jina la kituo, tarehe, saa na kile kilichoonyeshwa. Kama unaweza, piga picha skrini. Anza na kituo chenyewe kwa maandishi, ubaki na nakala. Usipojibiwa, Tanzania peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), ambayo ina Kamati ya Maudhui. Kwa Kenya, vipindi na filamu zinahusu KFCB, na vituo vya utangazaji vinahusu Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi hiyo. Andikeni wazazi kadhaa wa shule moja, kila mtu barua yake. Kwenye barua taja saa kamili kipindi kiliporuka, maana bila hiyo kituo hakiwezi kurudi kwenye rekodi zake na kuhakiki.